Somo: Kushona Blanketi la Viraka Nyumbani kwa Mtu Mwenye Shida ya Mwili



Somo la leo ni la yule anayeshinda nyumbani kwa sababu mwili wake hauko kama wa wengine. Labda mguu ulipooza kwa polio tangu utotoni. Labda uti wa mgongo uliumia safarini, ukapoteza hisia miguuni. Labda vidole vimekakamaa kwa baridi yabisi, mkono mmoja haufanyi kazi, au macho yamepungua nguvu. Wenzako wanakwenda kuchota maji, kutafuta kuni na kupanga foleni ya mgao. Wewe unabaki kulinda nyumba, na siku inakuwa ndefu.

Somo hili ni pia la jamaa wanaoishi na mtu wa namna hiyo. Tafadhali lisomeni pamoja.

Tutajifunza kushona blanketi la viraka kwa mkono, bila cherehani na bila kuondoka nyumbani. Lakini kabla ya sindano tuelewane jambo moja, nalo ndilo kiini cha somo: kazi ndiyo inayofuata mwili, si mwili unaofuata kazi. Mtu akilazimisha mwili, atashona wiki moja kisha atalala mwezi mzima na kidonda au maumivu. Mtu akiipanga kazi ilingane na mwili wake, atamaliza blanketi na atabaki mzima.

BLANKETI LA VIRAKA NI NINI?

Ni blanketi lenye tabaka tatu. Ya juu tunaiita uso: ni vipande vya vitambaa vya rangi mbalimbali vilivyounganishwa. Ya katikati tunaiita kati: ni kitu kinene cha kutia joto, kama kipande cha blanketi kuukuu au sweta iliyochakaa. Ya chini tunaiita mgongo: ni kitambaa cha kawaida. Tabaka hizo hushonwa pamoja ili zisiachane.

Kazi hii haikuanza leo. Katika jimbo la Karnataka, nchini India, wako watu waitwao Wasidi, ambao wazee wao walitoka Afrika karne nyingi zilizopita, wengi wao wakiwa watumwa. Wanawake wa Kisidi hushona mablanketi yaitwayo kawandi kwa nguo kuukuu na kwa mkono tu. Huko Marekani, katika jimbo la Alabama, wanawake weusi wa kijiji cha Gee's Bend walishona mablanketi kwa nguo za kazi zilizochakaa ili watoto wao wasilale kwenye baridi. Mwaka 2002 mablanketi yao yalitundikwa katika jumba la makumbusho ya sanaa mjini Houston, na watu wakaenda kuyatazama kama wanavyotazama picha za wachoraji wakubwa. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba unacheza na matambara, usikate tamaa.

KWA NINI KAZI HII INAMFAA MTU ASIYEWEZA KUTOKA?

Wengi hushona uso wote kwanza, kisha hutandika tabaka tatu chini na kuzishona zikiwa kubwa. Njia hiyo ni nzuri kwa mwenye nguvu. Kwa mwenye shida ya mwili ni ngumu, maana blanketi linakuwa zito mapajani, linavuta mabega, na inabidi kuinama au kupiga magoti.

Sisi tutatumia njia nyingine. Tutashona mraba mmoja mmoja, na kila mraba utakamilika wenyewe: uso, kati na mgongo. Mraba una upana wa sentimita 20, yaani karibu shubiri moja. Unakaa kwenye goti. Ukichoka, unauweka kwenye mfuko. Ukiugua wiki mbili, unaukuta palepale ulipouacha. Uzito wote unakuja siku za mwisho tu, wakati wa kuunganisha.

VITU VINAVYOHITAJIKA

1. Sindano za mkono, tano zinatosha.
2. Uzi imara wa pamba au wa nailoni.
3. Mkasi mmoja unaokata vizuri.
4. Kadibodi ya boksi la kukata vipimo, na kipande cha sabuni cha kuchorea.
5. Mabaki ya vitambaa. Mafundi cherehani wa sokoni huyatupa kila jioni. Mtume mtoto akawaombe kwa heshima.
6. Blanketi au sweta kuukuu kwa ajili ya kati.
7. Ubao mdogo wa kuweka mapajani, wa kiasi cha daftari mbili.

Onyo: usikate chandarua chako, na usikate blanketi zima ulilogawiwa. Chandarua kinakukinga na malaria, na blanketi la viraka haliwezi kufanya kazi hiyo. Tumia vilivyokwisha kuchakaa tu.

Fua vitambaa vyote kwa maji ya moto na sabuni, uvianike juani mpaka vikauke kabisa. Hivyo utaua chawa na wadudu wa upele, na kitambaa kitakachopungua kitapungua sasa, si baada ya kushonwa. Ukipiga pasi ya mkaa, ipigie nje au mlangoni. Moshi usioonekana wa mkaa unaua katika nyumba iliyofungwa.

ANDAA MAHALI PA KUKAA

Kaa karibu na mlango, mwanga ukuingilie kwa upande. Anayeshona kwa mkono wa kulia aupokee mwanga kutoka kushoto, ili kivuli cha mkono kisifunike kazi. Nyayo ziguse chini, au ziwekwe juu ya tofali lililofunikwa kwa kitambaa. Mgongo uegemee kitu. Kisha weka mto mapajani na ubao juu ya mto, mpaka kazi ipande kufikia macho yako. Ukijiona umeinama, ongeza mto.

Usishone usiku kwa koroboi. Macho yanaumia, na kitambaa hushika moto upesi. Mtu asiyeweza kukimbia hana nafasi ya kujaribu bahati yake kwa moto.

HATUA ZA KUSHONA MRABA MMOJA

Hatua ya 1. Kata kadibodi tatu za mraba: moja ya sentimita 12, moja ya 22, na moja ya 19. Hizi ndizo vipimo vyako vya kazi yote.

Hatua ya 2. Kwa kutumia kipimo cha 12, chora na ukate viraka vinne. Kwa kipimo cha 22, kata mgongo mmoja. Kwa kipimo cha 19, kata kati moja.

Hatua ya 3. Chukua viraka viwili, uvilaze pande nzuri zikitazamana. Shona upande mmoja, ukiacha sentimita 1 kutoka ukingoni. Shona kwa mishono midogo ya kwenda mbele, na kila baada ya mishono mitano rudisha sindano nyuma mshono mmoja. Uzi ukikatika mahali, kazi yote haitafumuka. Fanya hivyo kwa viraka viwili vingine, kisha unganisha jozi hizo mbili. Sasa una uso wa sentimita 22.

Hatua ya 4. Laza uso juu ya mgongo, pande nzuri zikitazamana. Shona pande tatu, ukiacha sentimita 1 ukingoni. Upande wa nne uache wazi. Umepata mfuko. Ugeuze, upande mzuri utoke nje.

Hatua ya 5. Ingiza kati ndani ya mfuko na uinyooshe. Tumekata 19 badala ya 20 ili iingie bila kukunjamana. Kunja ndani kingo za upande ulio wazi kwa sentimita 1, ufunge kwa mishono midogo.

Hatua ya 6. Shona tabaka zote tatu kwa pamoja, ukifuata msalaba ulio katikati ya uso, pale viraka vinne vinapokutana. Mishono hii huzuia kati isijikusanye pembeni wakati wa kufua.

Mraba wa kwanza utakuwa mbaya. Usiufumue. Utaweka pembeni mwa blanketi, na siku moja utauonyesha watu ili waone ulikotoka.

Kwa blanketi la mtoto unahitaji miraba 35: mistari 7, na kila mstari una miraba 5. Litakuwa na upana wa sentimita 100 na urefu wa sentimita 140. Anayemaliza mraba mmoja kwa siku mbili atachukua siku 70 kuipata miraba yote. Anayemaliza mmoja kwa wiki atachukua wiki 35. Wote wawili watafika.

KILA MWILI NA NJIA YAKE

Mwenye mkono mmoja. Mkono wa pili kazi yake ni kushika kitambaa tu, na kushika kunaweza kufanywa na kitu kingine. Funga jiwe zito kwa kitambaa, ulilaze juu ya kazi kwenye ubao. Au bana kitambaa kwenye ukingo wa ubao kwa vibanio vya nguo. Kutunga uzi, chomeka ncha ya sindano kwenye kipande cha sabuni, tundu litazame juu. Sindano itasimama yenyewe nawe utatunga kwa mkono mmoja.

Mwenye vidole vyenye maumivu. Loweka mikono katika maji ya vuguvugu kabla ya kuanza. Zungushia mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye mishikio ya mkasi, ili iwe minene na isiteleze. Kata pia kipande kidogo cha mpira huo ukitumie kuvutia sindano: kinaishika vizuri bila wewe kubana kwa nguvu. Usishone jinzi wala turubai. Chagua kitenge, kanga na vitambaa vyepesi. Baada ya nusu saa badilisha kazi: panga rangi, chora vipimo, au pumzika.

Mwenye macho hafifu. Tumia uzi mweupe kwenye kitambaa cheusi, na uzi mweusi kwenye cheupe. Paka uzi sabuni kidogo, ncha isichanue. Asubuhi, kabla mtoto hajaenda shule, atunge sindano zote tano na kuzichomeka kwenye kitambaa ukutani. Ukishamaliza uzi mmoja, unachukua sindano nyingine bila kumngojea mtu.

Mwenye mikono isiyo na hisia, kwa ukoma au kisukari. Wewe unaweza kujichoma au kujikata usijue, na kidonda kidogo kisichouma ndicho kinachokula kidole. Vaa subana, ile kofia ndogo ya chuma ya kidole. Acha mtu mwingine afanye kazi ya mkasi. Kila unapomaliza, tazama vidole vyote, kimoja kimoja, mbele na nyuma. Ukiona damu, malengelenge au wekundu, osha, funika, upumzishe mkono huo mpaka upone.

Mwenye miguu isiyo na hisia. Usichomeke sindano wala pini kwenye nguo uliyovaa, wala kwenye mto ulio juu ya paja. Weka ubao kila wakati. Tena soma kwa makini sehemu inayofuata, kwa sababu ndiyo muhimu kuliko zote.

UZI NDIO SAA YAKO

Mtu asiyesikia maumivu matakoni akikaa bila kusogea, uzito wa mwili unabana nyama kati ya mfupa na kiti. Damu haipiti. Nyama inaanza kufa ndani kabla ngozi haijaonyesha kitu. Hicho ndicho kidonda cha kukaa. Huchukua miezi kupona, na kikiingia hadi mfupani kinaweza kuua. Kazi nzuri ni hatari hapa, kwa maana inakufanya usahau kwamba umekaa.

Kwa hiyo fanya hivi. Usikate uzi mrefu kuliko mkono wako. Kila uzi unapokwisha, weka kazi chini, uinuke kwenye kiti kwa nguvu za mikono, au uiname mbele kifua kikaribie magoti, au uegemee upande mmoja kisha mwingine. Kaa hivyo dakika moja au mbili, ndipo utunge uzi mwingine. Ukiwa na saa, fanya kila baada ya dakika 15 hata kama uzi haujaisha. Kalia mto mnene, si ubao mtupu.

Kila jioni jamaa yako atazame ngozi ya matako, kiuno na visigino, au utazame mwenyewe kwa kioo. Kwenye ngozi nyeusi, wekundu hauonekani vizuri: tafuta mahali palipobadilika rangi, palipo na joto, au pagumu. Pasiporudi hali yake katika nusu saa, usipakalie tena mpaka parudi, na umwambie mhudumu wa afya. Blanketi linaweza kungoja.

KUUNGANISHA MIRABA

Hapa ndipo msaada unapohitajika. Laza miraba miwili, migongo ikiwa nje na nyuso zikitazamana, ushone ukingo kwa ukingo kwa mishono ya kuzungusha. Unganisha mitano iwe mstari. Ukipata mistari 7, anza kuiunganisha, na sehemu iliyokwisha kushonwa isikae mapajani. Ilaze juu ya meza, kitanda au kiti kilicho pembeni mwako, ukivuta kwako ukingo unaoshonwa tu. Ikiwa bado ni nzito, mwombe jirani ashone mishono ya mwisho wakati wewe unaielekeza. Blanketi bado ni lako.

NENO KWA JAMAA

Mtu wako akiomba umkatie kitambaa, mkatie. Akiomba umtungie uzi, mtungie. Lakini usimnyang'anye sindano kwa kusema, "Lete, wewe utachelewa." Yeye hana haraka. Umsaidie kwa kile alichoomba, na kile ambacho hakuomba mwachie.

Kingine: hesabuni sindano. Asubuhi zilitoka tano, jioni zirudi tano. Sindano iliyopotea kwenye mkeka itamchoma mtoto, au itaingia katika mguu usio na hisia na kukaa humo. Kama mna redio mbovu, toeni sumaku iliyo ndani ya spika yake, muipitishe sakafuni. Sindano itaruka yenyewe.

JE, NITAPATA FEDHA?

Labda, lakini usianze na hilo. Blanketi la kwanza lishone kwa ajili ya nyumba yako. La pili, kama watu wameanza kuuliza, unaweza kuuza. Andika kwenye daftari uzi uliotumia, kitu ulichonunua na siku ulizofanya kazi, ili ujue bei isiyokupa hasara. Usimwahidi mnunuzi tarehe ambayo mwili wako haujaikubali. Mwambie, "Nitakuita likiwa tayari." Ulizia pia kama kambini kuna kikundi cha ushonaji au cha watu wenye ulemavu. Watu watano wanaoshona kila mmoja nyumbani kwake, kwa vipimo vilevile vitatu vya kadibodi, wanaweza kumaliza blanketi moja mapema zaidi kuliko mtu mmoja.

Kuna faida nyingine isiyoandikwa kwenye daftari. Wengi wetu tulifika hapa na kitenge kimoja kilichofungia mzigo, shati la baba, au gauni la mtoto ambalo halimtoshi tena. Nguo hiyo haivaliki, na kuitupa moyo unakataa. Ikikatwa sentimita 12 kwa 12, inaingia kwenye blanketi na kukaa. Mtoto atauliza, "Hiki ni cha nani?" nawe utamwambia. Aliyekuwa analinda nyumba tu, sasa ndiye anayetunza habari za nyumba.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini tunashona mraba mmoja mmoja badala ya blanketi zima?
2. Nyumbani kwako, ni nani anayeshinda amekaa? Ngozi yake hutazamwa na nani?
3. Mtu asiyesikia maumivu mikononi afanye nini kila anapomaliza kushona?
4. Ni kazi gani ambayo umekuwa ukimnyang'anya mtu mwenye ulemavu kwa sababu wewe una haraka?

KUMBUKA: Kata vipimo vitatu: 12, 22 na 19. Uzi usizidi urefu wa mkono. Uzi ukiisha, inuka. Sindano zikitoka tano, zirudi tano.

Ukimaliza kusoma karatasi hii, usiitupe. Msomee jirani asiyejua kusoma, kisha umpe mwingine.